Kununua pete ya almasi kwa hela ndogo bila kupigwa: mwongozo kamili

Hii ni kwa yule mtu anayetaka kumvisha mwenzie pete ya almasi, au dada anayetaka kujinunulia hereni zake mwenyewe, ila hela aliyonayo ni ya kudunduliza, ya kikoba au ya kibubu, na kila akipita duka la sonara anaogopa hata kuuliza bei. Almasi za bei ya kawaida zipo, na nzuri kabisa zipo. Tatizo ni kwamba mwenye hela ndogo ndiye anayeuziwa vibaya kuliko wote, anapewa kito kikubwa kilichopoa, hakimeti, anaambiwa hiyo ni karati moja bosi, na yeye anaondoka anafurahia ukubwa. Inaniuma sana hii kitu kwa sababu kwa hela ileile angepata kidogo kinachowaka hadi mtu aliyekaa meza ya pili anageuka.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema: hela ikiwa ndogo punguza ukubwa, punguza usafi, punguza rangi, punguza hata dhahabu, ila vitu viwili usiviguse, mkato na ushahidi.

Hatua ya 1: igawe hela kabla hujatoka nyumbani

Andika kiasi ambacho ukikitoa hakitagusa kodi wala ada ya mtoto, hicho ndicho bajeti yako. Yale maneno ya pete lazima iwe mshahara wa miezi miwili yalienezwa na matangazo ya De Beers, kampuni ambayo kazi yake ilikuwa kuuza almasi, kwa hiyo usijipimie kwa kipimo alichokutengenezea muuzaji. Na mkopo wa simu kwa ajili ya pete hapana, tafadhali sana.

Ukishapata kiasi, kigawe mafungu matatu: kito, dhahabu, na ufundi. Watu wanasahau kwamba dhahabu sasa hivi imepanda mno, na kwenye pete yenye kito kidogo unaweza kukuta hela nyingi imekwenda kwenye dhahabu na wala siyo kwenye almasi. Kwa hiyo hapo ndipo pa kwanza pa kubana.

Tufanye hesabu kidogo. Dhahabu ya 18K ni asilimia 75 dhahabu, ndiyo maana inagongwa muhuri wa 750. Ya 14K inagongwa 585, ya 9K inagongwa 375. Pete ya gramu 3 ya 18K ina dhahabu halisi gramu 2.25, pete hiyohiyo ikiwa ya 9K ina gramu 1.125, yaani umeikata gharama ya dhahabu nusu kwa nusu na mtu akiiangalia kidoleni hajui. Huku kwetu tumezoea 22K ya bangili na mikufu, tunaona chini ya hapo ni takataka, lakini kwenye pete ya kito 22K ni laini, zile kucha zinazoshika almasi zinapinda na kito kinadondoka. Kwa hiyo ukiambiwa 18K au 14K siyo kwamba umedharauliwa, ndiyo inayotakiwa. Usichanganye tu hii karati ya dhahabu, ambayo ni usafi wa madini, na karati ya almasi ambayo ni uzito wa kito, maana kuna watu wanaambiwa pete ya karati 18 wanadhani ni almasi.

Fedha ya 925 pia inawezekana kwa hereni au kidani, inapata weusi lakini inasafishika. Kwa pete ya kuvaliwa kila siku siipendi, ni laini. Na kama mvaaji ni mwanaume Muislamu dhahabu kwake haipo, hapo ni fedha au platinamu basi.

Hatua ya 2: amua, ya ardhini au ya maabara

Hili ndilo swali kubwa siku hizi na lazima ulijibu mwenyewe kabla muuzaji hajakujibia.

Almasi ya maabara ni almasi kweli. Siyo kioo. Ni kaboni ileile, ugumu uleule, inameta vilevile. General Electric wa Marekani walifanikiwa kuitengeneza 1954, ila miaka mingi ilikuwa inatumika zaidi viwandani kukatia vitu vigumu. Baadaye teknolojia ikashuka bei, 2018 De Beers wenyewe wakaanza kuziuza kupitia chapa yao ya Lightbox kwa dola 800 kwa karati, watu wakashangaa bei ilivyo chini, na tangu hapo soko zima limezidi kuporomoka. Leo ya maabara unaipata kwa sehemu ndogo sana ya bei ya ile iliyochimbwa yenye viwango vilevile. Ndiyo maana kijana mwenye hela ndogo sasa anaweza kununua kito ambacho zamani alikuwa anakiona kwenye kabati la kioo tu.

Ubaya wake ni kwamba ukitaka kuiuza tena kesho karibu hakuna wa kuinunua, maana viwanda vinatoa mpya kila siku kwa bei ya chini zaidi. Lakini tusidanganyane, hata ya kuchimbwa ukiirudisha dukani wengi watakupa chini ya nusu ya ulichotoa. Almasi ndogo siyo akiba. Kama unatafuta kitu cha kukaa nacho kikutoe siku ya shida, nunua dhahabu ya 22K bila kito, mada imekwisha.

Mimi naona hivi: kama lengo ni kuvaa na kupendeza na mwenzio hana shida nayo, chukua ya maabara, ila mwambie ni ya maabara. Usimfiche mkeo kitu ambacho sonara yeyote mwenye vifaa atakuja kumwambia. Kama kwake kitu kutoka ardhini kina maana, basi chukua cha ardhini kidogo, tena kidogo kweli, chenye mkato safi.

Hapa kuna dhana moja ya Watanzania niiseme. Mtu anakwambia almasi si ipo kwetu Shinyanga, kwa nini ninunue ghali? Ni kweli mgodi wa Mwadui upo, John Williamson yule mjiolojia wa Kanada aliuvumbua 1940, na 1947 ikatoka almasi ya waridi ya karati 54.5 ambayo alipewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, ikakatwa ikabaki karati 23.6. Lakini almasi inatoka pale ikiwa ghafi, inakwenda kuuzwa nje, na kazi ya kukata sehemu kubwa ya almasi za dunia inafanyika mji wa Surat huko India. Kile kito unachokiona dukani Dar kimeshazunguka kabla ya kufika hapo kabatini, kwa hiyo kuwa jirani na mgodi hakukupi bei ya mgodini.

Na yule anayekuita pembeni, iwe Maganzo kule jirani na mgodi au Kariakoo, anakufungulia kikaratasi ana jiwe ghafi anasema amelitoa kwa mjomba wake mchimbaji, achana naye. Kwanza biashara ya almasi ghafi kwetu inataka leseni, na masoko ya madini yamefunguliwa kuanzia 2019 kwa kazi hiyo. Pili, tangu 2003 dunia ina utaratibu wa Kimberley, almasi ghafi haivuki mpaka bila hati yake. Tatu, mara nyingi ni kwazi (quartz), jiwe la kawaida tu, au kipande cha chupa kilichosuguliwa. Watu wamelizwa sana hapo, wengine na hela za wenzao.

Hatua ya 3: jua unalipia nini

Almasi inapimwa kwa mambo manne: mkato, uzito, rangi, usafi. Dukani wataanza na uzito maana ndio unaopandisha bei. Wewe anza na mkato.

Mkato ni jinsi nyuso ndogondogo za kito zilivyopangwa. Almasi ya duara ya kawaida ina nyuso 57 au 58, na zikiwa kwenye pembe sahihi mwanga unaoingia juu unagonga chini, unarudi juu machoni kwako, ndiko kule kuwaka unakokuona. Mkataji akitaka kubakiza uzito anakiacha kito kirefu kwenda chini, mwanga unatorokea chini ya kito na katikati panaonekana peusi. Kikiwa bapa sana, katikati panakuwa kama jicho la samaki. Sasa kito kirefu kwenda chini kina madhara mawili: hakiwaki, na uzito wake umefichwa tumboni ambako hauonekani, yaani unalipia karati ambazo hakuna atakayeziona. Kwenye cheti cha kito cha duara tafuta neno Excellent kwenye sehemu ya mkato, Very Good ikiwa hela imebana sana, chini ya hapo rudisha. Angalia pia asilimia ya kina iwe kama 59 mpaka 62.5, na upana wa ule uso bapa wa juu kama 54 mpaka 58. Siyo sheria ya msahafu lakini inakuepusha na vibovu vingi.

Uzito: karati moja ni gramu 0.2, na inagawanywa pointi 100, kwa hiyo ukisikia pointi 30 ni karati 0.30. Ila jicho halioni uzito, linaona upana. Almasi ya duara iliyokatwa vizuri ya karati 0.30 ina upana wa kama milimita 4.3, ya 0.50 kama 5.1, ya 0.90 kama 6.2, ya karati 1 kama 6.5. Angalia vizuri hapo, kutoka nusu karati kwenda karati moja uzito umezidi mara mbili na bei inazidi zaidi ya mara mbili, lakini upana umeongezeka milimita moja na kitu. Na bei inaruka kwenye zile namba ambazo kila mtu anazitaka, 0.50, 0.70, 1.00. Sasa wewe tafuta zilizo chini kidogo ya hapo, 0.46, 0.68, 0.92, tofauti huioni kwa macho lakini mfukoni unaiona. Beba rula yenye milimita au uliza vipimo, cheti lazima kiandike upana. Ukikuta kito cha karati 1 kina milimita 6.1 ujue kile ni kirefu tumboni, usikilipie bei ya karati moja.

Rangi inapimwa kuanzia D, nyeupe kabisa, kwenda mpaka Z yenye unjano. Kwenye dhahabu ya njano usihangaike na D wala F, ile dhahabu yenyewe inakirushia kito unjano, kwa hiyo J au hata K inaonekana nyeupe na umeokoa hela. Kwenye dhahabu nyeupe panda kidogo, H au I.

Usafi ni alama za ndani, madoa na nyufa ndogo za asili. Unaanzia FL ambayo haina kitu, VVS, VS, SI, mpaka I, na kwenye VVS, VS na SI namba 1 ni safi kuliko 2. Hapa watu wanapoteza hela bure kabisa wakililia VVS ambayo tofauti yake na VS2 hata sonara anaihitaji lenzi kuiona. Mwenye hela ndogo achukue SI1 au VS2 iliyo safi kwa macho, yaani ukikishika umbali wa kawaida wa kusoma huoni doa. Angalia tu doa lipo wapi. Likiwa pembeni kucha ya pete italifunika, likiwa jeusi katikati chini ya ule uso bapa, kataa, na ufa unaofika ukingoni kataa pia maana kito kinaweza kupasuka hapo. Almasi ni ngumu kukwaruzwa lakini ikigongwa vibaya inapasuka, watu hawalijui hili.

Kuna ujanja mwingine wa umbo. Duara ndilo ghali kuliko yote kwa karati kwa sababu kulikata kunapoteza zaidi ya nusu ya jiwe ghafi. Umbo la yai au la tone la machozi kwa uzito uleule linaonekana kubwa zaidi juu ya kidole, linafanya kidole kirefu, na bei kwa kawaida iko chini. Ila kwenye yai angalia kivuli cheusi katikati kinachofanana na tai ya shingoni, kikiwa kizito acha. Maumbo ya mstatili yenye ngazi ngazi ni mazuri lakini yanaonyesha kila doa na kila unjano, hayo siyo ya bajeti.

Jambo la mwisho hapa, kuna almasi zinazotoa mwanga wa bluu zikimulikwa kwa taa ya urujuanimno, cheti kinaandika. Nyingi zinauzwa kwa punguzo na nyingi hazina tatizo lolote, kwenye rangi ya I au J ule ubluu unaweza hata kukifanya kito kionekane cheupe zaidi juani. Toka nacho nje kwenye jua, kama hakijafifia kama maziwa, chukua, umepata punguzo halali.

Hatua ya 4: mtego wa jumla ya karati

Huu mtego nauwekea sehemu yake. Pete ina vito vidogo kumi na tisa vimesongamana katikati, muuzaji anasema karati moja. Anasema kweli, ukivijumlisha vyote vinafika karati moja, lakini bei ya vito vingi vidogo ni ndogo mno ukilinganisha na kito kimoja cha uzito huo. Swali la kuuliza ni fupi: "kito cha katikati peke yake kina karati ngapi?" Akizungukazunguka, umeshajibiwa.

Simaanishi pete za namna hiyo ni mbaya. Kwa hela ndogo kito cha 0.30 kilichozungushiwa duara la vito vidogo kinaonekana kikubwa kweli, wengi wanapenda na mimi naona zinapendeza kwa sherehe. Ila vile vidogo ndivyo vinavyodondoka, hasa kwa mtu anayekanda unga na kufua kwa mikono. Kwa kuvaa kila siku napendelea kito kimoja, kishikwe na kucha sita au kizungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote.

Hatua ya 5: cheti

Kwa kito cha kuanzia karati 0.30 hivi dai cheti cha maabara huru. GIA ya Marekani, ilianzishwa 1931, ndiyo yenye jina kubwa kwa almasi za kuchimbwa. IGI iliyoanzia Antwerp 1975 utaikuta sana kwenye za maabara. Cheti kilichochapwa na duka lenyewe kikiwa na nembo ya dhahabu na maneno mazuri siyo ushahidi, ni tangazo.

Cheti chenyewe usikiamini kwa kukitazama tu, maana karatasi inaghushiwa. Chukua namba, hapohapo dukani kwa simu yako ingia tovuti ya GIA au IGI, wana sehemu ya kuhakiki ripoti, bure, linganisha uzito, vipimo na viwango. Halafu omba lenzi uangalie kiuno cha kito, ule ukingo mwembamba unaokizunguka, vingi vimeandikwa namba kwa leza pale. Namba ya IGI ikianza na LG ujue ni ya maabara, kwa hiyo ukiwa umeambiwa ni ya kuchimbwa na ukaona LG, rudisha kito mezani, aga, ondoka.

Vito vidogo vya hereni vya pointi 10 au 15 kwa kawaida havina cheti kila kimoja kwa sababu gharama ya cheti ingekula faida, hapo unategemea risiti na sifa ya duka.

Hatua ya 6: ukiwa dukani

Nenda mchana, siyo jioni ukiwa umechoka na una haraka ya daladala. Zunguka maduka matatu manne kwanza bila kununua, Kariakoo, katikati ya mji, au kama uko Unguja pita masonara wa Mji Mkongwe. Waambie wazi unalinganisha.

Zile taa za kwenye kabati ni taa kali zilizoelekezwa makusudi, chini yake hata kioo cha chupa kinameta. Kwa hiyo ukikabidhiwa pete fanya hivi. Ifute kwa kitambaa chao maana mafuta ya vidole yanaifisha. Kisha iinamishie chini ya kaunta, kwenye kivuli cha mwili wako, uiangalie hapo. Kito chenye mkato mzuri kinaendelea kukonyeza hata kwenye kivuli, kila ukikitingisha vipande vyeupe na vyeusi vinabadilishana nafasi harakaharaka. Kibovu kinazima kabisa, kinabaki kama tone la maji machafu, na katikati pamekaa weusi usiohama hata ukizungusha mkono. Sogea mlangoni kwenye mwanga wa mchana urudie. Fanya hivyo kwa pete tatu mfululizo za bei tofauti, jicho lako litajifunza lenyewe kwa muda mfupi kuliko maelezo yoyote.

Kile kimashine cha kalamu wanachogusisha kito kikalia, usikitegemee. Kinapima jinsi joto linavyopita. Almasi ya maabara itapita kwa sababu ni almasi, na moisanaiti, kito cha kutengenezwa kinachofanana na almasi, mara nyingi inapita pia, na moisanaiti siyo almasi. Kwa hiyo kulia kwa kimashine kunakwambia tu kwamba siyo kioo wala zirkoni, ile almasi bandia ya bei rahisi inayoitwa CZ. Moisanaiti utaikamata kwa lenzi ya mara 10, itazame kwa kuipinda kidogo pembeni, kingo za nyuso za chini zinaonekana mbilimbili kama umetoa machozi, almasi haifanyi hivyo. Zirkoni ni nzito, uzito wake unazidi mara moja na nusu ya ule wa almasi ya ukubwa uleule, na baada ya muda wa kuvaliwa kingo zake zinasagika. Ukipuliza pumzi juu ya almasi ukungu unapotea papo hapo, lakini hicho ni kipimo cha kuanzia tu, usitoe hela kwa ajili yake.

Halafu uliza kama kito kimefanyiwa kazi, kuna almasi zenye nyufa zilizojazwa dawa kama kioo ili zionekane safi. Ni rahisi, ila siku sonara akiweka moto kurekebisha pete ile dawa inaharibika na ufa unarudi. Sizipendekezi kabisa.

Hatua ya 7: kupatana na risiti

Usipatane bei ya pete nzima. Omba uandikiwe: gramu za dhahabu na karati yake, kito, na ufundi. Ipimwe mzani mbele yako. Bei ya dhahabu ya siku iko wazi kwenye simu yako, kwa hiyo sehemu ya kubishana ni kito na ufundi, na ukiwa na bei za maduka mengine mawili ya kito chenye viwango vilevile mazungumzo yanakuwa mafupi.

Wengi wana ndugu anayekwenda Dubai kufuata mzigo, anaambiwa aniletee pete. Deira kwenye soko la dhahabu bei ya gramu inabandikwa na unabishana ufundi tu, hiyo ni kweli kwa dhahabu tupu. Kwenye vitu vya almasi utakuta kibandiko cha bei kubwa halafu punguzo kubwa, na bei ya mwisho ndiyo ile waliyoitaka tangu mwanzo, kwa hiyo maswali ni yaleyale ya cheti, milimita na kito cha katikati. Mtalii anaweza kudai kurudishiwa VAT ya 5% uwanja wa ndege, ila aseme dukani kabla ya kulipa na adai kabla hajakabidhi begi. Na ukitua nyumbani kuna forodha na VAT yetu ambayo Bara ni 18%, weka kwenye hesabu, wengi wanajikuta bei imelingana na ya hapahapa na hawana duka la kurudi.

Risiti iwe ya EFD na iwe na maelezo: almasi ya kuchimbwa au ya maabara, uzito wa kito kikuu, jumla ya vidogo, rangi, usafi, namba ya cheti, muhuri wa dhahabu na gramu, na siku ngapi unaweza kurudisha. Ikiandikwa "pete ya almasi 1" tu, huna kitu cha kushika siku ya ugomvi. Anayekataa kuandika alichokitamka kwa mdomo hajauza bado, beba hela yako.

Kama ningeulizwa ninunue nini

Kwa pete ya uchumba yenye bajeti finyu na mtu anataka kito cha ardhini: duara la 0.28 au 0.30, mkato Excellent, rangi J, usafi SI1 safi kwa macho, juu ya 14K ya njano yenye mwili mwembamba. Pete nyembamba inakifanya kito kionekane kikubwa. Kwa wa maabara: yai la kama 0.70 mpaka 0.90, H, VS2, juu ya 9K au 14K, usipande zaidi ya hapo kwa sababu tu bei inaruhusu, kwenye kidole chembamba kito kikubwa kinaonekana cha bandia hata kama siyo. Kwa hereni shuka mpaka K na SI2 bila wasiwasi, hakuna anayeinama sikioni kwako na lenzi. Kipini cha pua hata pointi 3 inatosha, na kwa mtu anayetaka tu kuwa na almasi yake maishani hicho ndicho kiingilio cha bei rahisi kuliko vyote.

Na kama hela haifiki kabisa, kabla hujaenda kwenye zirkoni fikiria vito vya hapa hapa, spineli ya Mahenge ina ugumu wa 8 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, yakuti ya Tunduru au Umba ina 9, zinavumilia pete ya kila siku. Tanzanaiti ya Mererani ni nzuri mno ila ugumu wake ni 6 mpaka 7, hiyo iwekee kwenye hereni au kidani.

Baada ya kununua

Saizi ya kidole ipime jioni, joto la pwani linavimbisha vidole na ukipima asubuhi ya baridi pete itagoma. Kama ni ya kushtukiza chukua pete anayoivaa kidole hichohicho, chora duara la ndani kwenye karatasi, sonara atamalizia. Pete iliyozungushiwa vito pande zote ni ngumu sana kubadilisha saizi, hakikisha mapema.

Almasi inavuta mafuta, ya kupikia, ya kujipaka, yote. Wiki mbili tu bila kuoshwa inapoa na mtu anadhani ameuziwa bandia. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, mswaki laini upite chini ya kito ndiko uchafu unakokaa, na ufanyie kwenye bakuli, siyo juu ya sinki lenye tundu. Jik na dawa za bwawa la kuogelea zinaharibu dhahabu, vua kwanza. Ya dhahabu nyeupe itageuka unjano kidogo baada ya muda, ni ule mpako wa juu wa rodi (rhodium), madini meupe, umeisha, unapakwa upya.

Kila mwaka ipeleke ikaguliwe kucha. Na wewe mwenyewe kila baada ya kuosha itikise karibu na sikio, ukisikia kito kinagonga ndani au kucha inanasa kwenye nguo, ivue saa hiyohiyo, ifunge kwenye kitambaa, kaa pale sonara anapokaza ukiwa unaangalia, na kabla ya kuivaa tena omba lenzi usome ile namba ya kiunoni kama bado ni ileile ya kwenye cheti chako.